Mojo wa Detroit: Sauti Bila Sura

Ukiwauliza vijana wa leo muziki wa tekno ulizaliwa wapi, wengi watakutajia Berlin. Hawajakosea sana. Berlin ndiko ulikokulia, na ndiko unakolipa vizuri mpaka sasa. Lakini ulizaliwa Detroit, mji wa magari katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mikononi mwa vijana Weusi walioanza kuuchezea wakiwa bado wanavaa begi la shule. Watatu kati yao wanajulikana dunia nzima: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Vitabu vimeandikwa juu yao na filamu zimetengenezwa. Ninayetaka kumzungumzia mimi aliwatangulia. Hakutunga kibao hata kimoja cha tekno, na mashabiki wake wengi wangepishana naye njiani wasimtambue. Wazazi wake walimwita Charles Johnson. Detroit ilimjua kwa jina la The Electrifying Mojo.

Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mji ambao mwaka 1957 ulitangazwa duniani kote pale wanajeshi walipowasindikiza wanafunzi tisa Weusi kuingia katika shule ya Wazungu. Baadaye aliingia Jeshi la Anga, akapelekwa Ufilipino, na huko kambini ndiko alikoionja kazi ya utangazaji. Mtu akiniuliza Mojo alisomea wapi ule usikivu wake, nitamwonyesha kambi hiyo. Askari mmoja katoka Texas anataka kantri, wa pili katoka Chicago anataka bluzi, wa tatu katoka California anataka roki, na redio ni moja. Mtangazaji wa kambi hana anasa ya kuchagua wasikilizaji wake. Aliporudi Marekani alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, Ann Arbor, akashika kipaza sauti katika redio ya mji huo, na mwaka 1977 akaingia Detroit kupitia kituo cha WGPR, masafa ya 107.5.

Kituo hicho nacho kina historia yake. Kilikuwa mali ya chama cha Wamasoni Weusi kilichoongozwa na mwanasheria William V. Banks, na makao yake yalikuwa Barabara ya East Jefferson. Mwaka 1975 chama hichohicho kilifungua WGPR-TV, televisheni ya kwanza katika Marekani bara kumilikiwa na Weusi. Pesa hazikuwa nyingi na mitambo haikuwa ya kifahari. Lakini kulikuwa na kitu ambacho vituo vikubwa havikuwa nacho: hakukuwa na mtaalamu wa kukodishwa kutoka New York aje kumwambia mtangazaji apige wimbo gani saa ngapi.

Detroit yenyewe wakati huo ilikuwa inasinyaa. Sensa ya 1950 ilihesabu watu 1,849,568. Ile ya 1980 ilikuta 1,203,339. Kati ya tarakimu hizo mbili kuna barabara kuu zilizopasuliwa katikati ya mitaa ya Weusi, Wazungu waliohamia vitongojini, ghasia za Julai 1967 zilizoua watu 43, na viwanda vya magari vilivyoanza kupunguza watu na kuingiza mashine. Hata Motown, kampuni iliyoupa mji huo jina katika muziki, ilifungasha virago mwaka 1972 ikaenda zake Los Angeles. Ulibaki mji wa barabara pana, taa chache, na watu wa zamu, wengine wakitoka kazini usiku wa manane na wengine alfajiri. Katika mji kama huo, redio ya usiku ndiyo jirani anayekesha na wewe.

Na redio za Marekani zilikuwa zimegawanywa kwa rangi, japo hakuna aliyelitamka hilo wazi. Kituo cha Weusi kilipiga soul na fanki. Kituo cha Wazungu kilipiga roki. Msanii alipangiwa upande kwa sura iliyo kwenye jalada la santuri kabla hata sindano haijagusa sahani. Watangazaji wengi waliishi ndani ya ukuta huo bila kulalamika, maana mishahara yao ilitoka humo. Mojo hakuuhubiri wala kuulaani. Aliupita tu kama vile haupo. Baada ya kundi la fanki la Parliament aliweza kukuletea Jimi Hendrix, kisha Peter Frampton, kisha The B-52's, kisha Prince ambaye wakati huo vituo vingi havikujua vimweke wapi. Wimbo wa J. Geils Band uitwao "Flamethrower", kazi ya Wazungu wa Boston, ulipata makao katika redio ya Weusi ya Detroit kwa sababu mtu mmoja aliusikia, akaona unachezeka, akaupiga.

Kipindi chake kilifunguliwa kwa kutua kwa chombo cha angani. Zilianza ngurumo za mitambo, kisha ikaja ile sauti nzito, ya polepole, sauti ya mtu ambaye hauzi kitu. Alitoa maagizo. Mwenye nyumba awashe taa ya barazani ili chombo kijue pa kutua. Mwenye gari awashe na kuzima taa zake, apige honi. Aliye kitandani acheze chali. Watu walitii! Watu wazima wa Detroit wanasimulia hadi leo jinsi walivyochungulia dirishani na kuona taa za majirani zinawaka moja baada ya nyingine, na magari yakipigiana honi kwenye taa za barabarani, kila dereva akitambua kwamba yule wa upande wa pili anasikiliza kilekile. Kwa mji ambao watu wake walikuwa wamefundishwa kuogopana usiku, hilo halikuwa jambo dogo.

Ikifika saa sita, kikao cha Midnight Funk Association kilianza. Kilikuwa chama kamili, chenye kadi za uanachama zilizochapishwa, na vijana walizitunza kadi hizo ndani ya pochi pamoja na kitambulisho cha shule. Wanachama walitakiwa kusimama. Mojo aliwapa nasaha yake ya kila siku, kwamba aliyefika mwisho wa kamba asiachie, apige fundo aning'inie. Kisha ikaingia "Flash Light" ya Parliament.

Wimbo huo unastahili kusikilizwa kwa makini. Ulitoka mwaka 1977, na besi yake haikupigwa kwa gitaa. Bernie Worrell aliipiga kwa vinanda vya umeme aina ya Minimoog, akazirundika sauti moja juu ya nyingine mpaka ikapatikana besi nene, yenye kuteleza, ambayo vidole vya mtu kwenye nyuzi visingeweza kuitoa. Ndio kusema kila usiku saa sita maelfu ya vijana wa Detroit walisimama kwa heshima ya besi ya mashine, miaka kadhaa kabla ya tekno kupewa jina.

Kisha kuna Kraftwerk. Mojo amesimulia kwamba aliikuta santuri yao ya "Autobahn" katika rundo la zilizotupwa kwenye kituo alichokuwa akifanyia kazi zamani. Mtu mwingine angeitumia kushikilia mlango. Wanamuziki hao wanne wa Düsseldorf, waliojitokeza kwenye jalada moja la santuri wakiwa na mashati mekundu na tai nyeusi kama makarani wa benki, hawakuwa na chochote ambacho meneja wa redio ya Weusi angekitafuta. Mojo aliwapiga. Walipotoa albamu ya "Computer World" mwaka 1981, aliicheza karibu yote, usiku baada ya usiku, mpaka watoto wa Detroit wakaijua kama watu wanavyoijua sala. Kwenye "Numbers" hakuna hadithi wala mapenzi. Sauti za roboti zinahesabu moja, mbili, tatu kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na lugha nyingine, na chini yake ngoma ya mashine inakatika kwa pembe kali. Kwa masikio ya Ulaya ulikuwa mzaha wa kisomi juu ya kompyuta. Sakafuni Detroit ulikuwa fanki. Mashine ilikuwa inakosea kidogo tu kwa namna ambayo kiuno kinaielewa, na waliogundua hilo kwanza hawakuwa Wajerumani.

Derrick May ndiye aliyetoa ule msemo unaonukuliwa kila mahali, kwamba tekno ni kama George Clinton na Kraftwerk waliokwama kwenye lifti moja. Ni msemo mtamu, na waandishi wa muziki wameutumia mpaka umechakaa. Mimi huwa najiuliza swali ambalo sijaona wakiliuliza: nani aliyewaingiza ndani ya lifti hiyo? Clinton, kiongozi wa Parliament, na Wajerumani wa Düsseldorf hawakukutana katika studio yoyote ya kutunga muziki. Walikutana kwenye masafa ya 107.5, usiku, kwa sababu mtu mmoja aliamua hivyo.

Takriban kilomita 50 magharibi ya katikati ya Detroit kuna mji mdogo wa Belleville, wenye ziwa, mashamba na shule ya sekondari ambayo wanafunzi wake wengi walikuwa Wazungu. Juan Atkins, aliyezaliwa 1962, alihamia huko kwa bibi yake baada ya wazazi wake kutengana. Bibi alipenda kinanda cha ogani, na alipokwenda katika duka la vyombo vya muziki la Grinnell's alimchukua mjukuu. Mjukuu akaona vinanda vipya vya umeme na hakutaka kutoka. Bibi akamnunulia Korg MS-10, kidude kidogo chenye nyaya za kuchomeka na kuchomoa, kisichoweza kutoa zaidi ya noti moja kwa wakati. Kijana akajifungia nacho chumbani. Belleville hapakuwa na ukumbi wa disko wala kona ya kupigia soga. Kulikuwa na kinanda na redio, na usiku redio ilimleta Mojo. Derrick May na Kevin Saunderson, wadogo kwake kwa mwaka mmoja au miwili, walisoma shule hiyohiyo na kusikiliza sauti hiyohiyo. Watatu hawa hawakusikiliza muziki wa kuchezea tu. Waliukalia na kuuchambua, nani kaweka nini wapi na kwa nini. Mwalimu wa somo hilo hakuwa darasani.

Alipoingia chuo cha Washtenaw, Atkins alikutana na Rik Davis, mtu mzima kwake, aliyerudi kutoka vita vya Vietnam na kichwa kilichojaa ramani za sayari na vitabu vya wakati ujao. Kitabu kimoja, "The Third Wave" cha Alvin Toffler, kiliwapa msamiati: Toffler aliandika juu ya waasi wa teknolojia, watu wasiokubali kutawaliwa na mashine bali wanaozitumia kwa masharti yao. Wawili hao wakajiita Cybotron. Mwaka 1981 wakatoa "Alleys of Your Mind" kwa lebo yao wenyewe, Deep Space, kwa kuwa hapakuwa na kampuni ya kuwapokea. Ni wimbo wa giza, mwendo wake wa wastani, besi ya kinanda ikizunguka palepale na sauti ya mwimbaji ikiwa baridi kama ya mtu anayesoma taarifa ya polisi.

Hebu tuweke kitu hiki mahali pake. Watu wawili wasiojulikana, lebo isiyojulikana, muziki ambao haukuwa na rafu ya kuwekwa dukani. Katika mji mwingine wowote wa Marekani santuri ile ingeishia chini ya kitanda. Mojo aliipiga. Akaipiga tena. Ikauzwa nakala zinazokadiriwa kufika 15,000, karibu zote Detroit na viunga vyake. Hiyo ni kabla ya "Planet Rock" ya Afrika Bambaataa, ambayo mwaka 1982 ilichukua mdundo wa Kraftwerk na kuifanya New York izungumzwe. Cybotron waliendelea na "Cosmic Cars", kisha "Clear" ya mwaka 1983, ambayo msomaji anaweza kuwa ameisikia bila kujua: Missy Elliott aliichukua akaijenga "Lose Control" juu yake mwaka 2005.

Mwaka ule wa 1981 mji ulizaa kibao kingine, "Sharevari" cha kundi la A Number of Names. Nacho Mojo alikipiga. Kuna picha za video za vijana wakikicheza kwenye "The Scene", kipindi cha dansi cha WGPR-TV kilichoongozwa na Nat Morris. Wanasimama safu mbili, wavulana huku wasichana kule, halafu wawiliwawili wanapita katikati. Mmoja anageuka roboti, mwingine anakwenda kama paka, mavazi yao ni ya kumeremeta na nyuso zao ni za watu wenye shughuli nzito. Ukiitazama utaona kwamba muziki wa mashine ulikuwa na wachezaji wake kamili kabla wakosoaji hawajaupa jina.

Jina la wimbo lilitokana na Charivari, moja ya vikundi vya vijana vilivyoandaa karamu. Hapa nisifiche kitu. Karamu hizo ziliandaliwa na watoto wa wafanyakazi wenye kipato, waliopenda nguo za Kiitaliano na majarida ya mitindo, na vipeperushi vyao viliwakataza waziwazi vijana wa mitaa ya chini kuingia. Tekno husimuliwa siku hizi kama kilio cha maskini wa viwandani. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya mwanzo wake ilikuwa ya watoto waliotaka kuonekana wametoka mbali zaidi ya walikotoka. Mojo hakuwa na mlango wa kuwazuia watu. Redio haimuulizi mtu amevaa nini. Hilo nalihesabu miongoni mwa mambo yaliyomtofautisha.

Asije mtu akafikiri nasema Mojo alikuwa peke yake. Alikuwa na upungufu mmoja mkubwa kama DJ: sanaa ya kuunganisha santuri mbili ili zisikike moja haikuwa yake. Aliyeishika sanaa hiyo Detroit alikuwa Ken Collier, mfalme wa kumbi za Weusi mashoga, aliyekuja kujulikana zaidi katika klabu iliyoitwa Heaven, kwenye makutano ya Woodward na Seven Mile. Derrick May amesimulia jinsi yeye na Atkins, wakiwa na kikundi chao cha DJ kilichoitwa Deep Space kama ile lebo, walivyoalikwa kumtangulia Collier. Walipiga vijisanturi vyao, ukumbi ukabaki mtupu. Collier akapanda, akaweka santuri moja tu, na watu wakakimbilia sakafuni. Wale vijana walirudi nyumbani na aibu, na somo. Collier alifariki mwaka 1996, na jina lake halijapata nusu ya heshima linayostahili. Sababu zake tunazijua: alikuwa mtu wa klabu, si wa studio, na wateja wake walikuwa watu ambao magazeti hayakupenda kuwaandika.

Kwa hiyo Atkins na May walijifua. Walitengeneza michanganyiko kwenye kanda, wakaikata na kuiunga kwa subira, na Mojo akaitangaza katika kipindi chake. Kwa kijana wa Belleville hilo lilikuwa zaidi ya mshahara. Mtu aliyekufundisha kusikia sasa anawaambia wengine wakusikilize wewe.

Miaka hiyohiyo kituo cha WDRQ, na baadaye WJLB, kikamweka hewani kijana mwingine asiyetajwa kwa jina lake. Walimwita The Wizard. Alikuwa Jeff Mills, na alikuwa kinyume cha Mojo katika kila kitu isipokuwa kujificha. Mojo aliuacha wimbo upumue. Mills aliutupa baada ya sekunde chache, akarusha mwingine, akaurudisha wa kwanza kinyumenyume, mikono ikiwa na kasi ambayo msikilizaji aliona ni ya watu wawili. Detroit ilipata shule mbili kwa wakati mmoja, moja ya kuchagua na nyingine ya kushika sahani. Mji uliokuwa na DJ wa redio wa namna hiyo wawili, na Collier kwenye klabu, ungeshangaza kama usingetoa kitu kipya.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nami nitayapita upesi. Atkins aliachana na Davis, akaanzisha lebo ya Metroplex na mwaka 1985 akatoa "No UFOs" kwa jina la Model 500. Mama yake May alihamia Chicago. Kijana akabaki nyumbani kwa akina Saunderson, lakini safari za kumtembelea mama zilimfikisha mbele ya Frankie Knuckles na Ron Hardy, mabingwa wa muziki wa haus. Akamuuzia Knuckles mashine ya ngoma ya Roland TR-909, na kwa hiyo pigo zito la Detroit likaingia katika haus ya Chicago kwa mkono wa mwana Detroit. Mwaka 1987 May alitoa "Strings of Life", kibao kisicho na besi kabisa, ambacho bado kinawainua watu miguu. Saunderson, mwenye sikio la biashara kuliko wenzake, aliunda Inner City na kupanda chati za Uingereza kwa "Big Fun" mwaka 1988. Mwaka huohuo Neil Rushton, Mwingereza, alikusanya nyimbo za vijana hao kwa ajili ya tawi la kampuni ya Virgin. Albamu ilikaribia kuitwa ya haus ya Detroit. Atkins alileta wimbo wake wa "Techno Music", na jina likabadilishwa. Tangu hapo muziki huo una jina lake.

Mojo yuko wapi katika habari hizi? Anatajwa kwenye aya moja, na aya inayofuata inaanza kwa sintesaiza. Naona hilo ni kosa la uandishi wa historia ya muziki kwa jumla: tunawahesabu waliofanya, tunawasahau waliofanya watu wasikie. Santuri 15,000 za "Alleys of Your Mind" hazikununuliwa na watu wa Mars. Zilinunuliwa na watu ambao kwa miaka minne walikuwa wamefunzwa, kila usiku, kwamba sauti ya kigeni si ya kuogopwa. Bila soko hilo Atkins angekuwa kijana mwenye kinanda tu, na wa namna hiyo walikuwepo katika miji mingi.

Kuna urithi mwingine aliouacha, nao ni wa kuficha uso. Mojo alizikwepa kamera. Hakutaka picha, hakutaka kutambuliwa dukani, na hakuwa mtu wa kujieleza kwa waandishi. Wasikilizaji walibaki na sauti, na kila mmoja alijichorea mtu wake. Katika nchi ambako rangi ya uso ilikuwa ndiyo ya kwanza kuulizwa, sauti isiyo na sura ilipita mahali ambapo mwenye sura angezuiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Jeff Mills aliungana na Mike Banks kuanzisha Underground Resistance, na kundi hilo likalifanya jambo hilo kuwa msimamo: nyuso zimefunikwa, picha hazitolewi, majina hayaandikwi makubwa, muziki ujisemee. Wale wawili wa Drexciya, James Stinson na Gerald Donald, walikwenda mbali zaidi. Walitunga taifa zima chini ya bahari, la wazao wa wanawake wajawazito wa Kiafrika waliotoswa kutoka kwenye meli za watumwa, na wao wenyewe wakakaa gizani miaka yote hiyo.

Na njia ya muziki ikarudi ulikotoka mlio. Machi 1991, Ukuta wa Berlin ukiwa umeanguka, Dimitri Hegemann alifungua klabu ya Tresor katika chumba cha chuma cha kuwekea amana chini ya duka la zamani la Wertheim, Berlin. Santuri ya kwanza ya lebo ya klabu hiyo ilikuwa X-101, kazi ya watu wa Underground Resistance. Wajerumani walikuwa wameipelekea Detroit mashine inayohesabu. Detroit iliwarudishia mashine inayocheza. Machi 2024 Ujerumani iliuweka utamaduni wa tekno wa Berlin katika orodha yake ya kitaifa ya urithi wa UNESCO. Nawapongeza. Nasubiri Detroit nayo ipewe cheti chake, na kikiandikwa kitaje East Jefferson.

Mojo mwenyewe alihama kituo hadi kituo. Kutoka WGPR alikwenda WJLB, kisha WHYT. Huko ndiko Prince, ambaye alizungumza na waandishi kwa nadra sana, alikubali kuzungumza naye hewani tarehe 7 Juni 1986, siku ya kuzaliwa kwake, baada ya kutumbuiza Cobo Arena. Prince alilipa deni. Detroit ilikuwa imempenda mapema, naye alimjua aliyempendekeza kwa mji huo. Lakini redio ilikuwa inabadilika. Wamiliki walitaka orodha fupi ya nyimbo, utafiti wa soko, mtangazaji mwenye maneno machache. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 iliondoa kikomo cha vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini kote, na wakubwa wakawameza wadogo. Mtu wa kupiga albamu nzima kwa sababu ameipenda hakuwa na kiti tena. Watu husema wasikilizaji walimchoka. Sikubaliani nao. Wasikilizaji hawakuulizwa.

Kilichotusaidia kujua haya yote kwa masikio yetu ni kanda. Vipindi vingi vya Mojo tunavyoweza kuvisikia leo vilinaswa majumbani na vijana waliokaa na kidole juu ya kitufe cha kurekodi, wakahifadhi kanda hizo kwenye masanduku ya viatu, na miaka ishirini, thelathini baadaye wakazitoa. Humo zimo ngurumo za kutua kwa chombo, sauti ile nzito, Kraftwerk wakipokewa na Parliament, na mara nyingine mlango wa nyumba ukifungwa au mama akiita. Nawe msomaji, kama nyumbani kwa wazee wako kuna kanda za redio za zamani, salamu za wasikilizaji, dansi au taarabu iliyonaswa usiku, usiziache ziliwe na ukungu. Tafuta mtu mwenye chombo cha kuzinakili, na uandike juu ya kila moja jina la mtangazaji.